Dar hadi Guangzhou bila kufika hoi: ninavyojipanga safarini

Mzigo wangu nafuata China, na tiketi yangu ni ya nyuma kabisa, ile ya bei nafuu. Mpaka Dubai ni saa tano na nusu hivi, unasubiri, kisha nyingine saba na ushee. Nafanya hivi.

1. Kiti. Chagua mapema mtandaoni. Ukitaka kulala, kaa dirishani. Kama kibofu chako hakina subira, kaa upande wa njia. Kimbia safu za karibu na choo, maana usiku kucha watu watakusimamia kichwani.

2. Kifuko cha kitini. Begi likishapanda juu, lisahau. Kwenye kifuko kidogo weka kikoi, soksi nzito, dawa zako, mafuta ya midomo, kalamu, bigijii na pawabenki (hiyo hairuhusiwi kwenye mzigo wa chini). Mimi kikoi hakinitoki: ni shuka, ni mto, na mwanga ukizidi najifunika uso.

3. Tumbo. Maharage na soda viache nyumbani siku hiyo. Ndege ikiwa juu, hewa ya ndani ni kama ya mahali penye mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400, yaani umetoka pwani ukapandishwa Njombe kwa nusu saa. Gesi iliyo tumboni inatanuka kwa robo au zaidi. Huamini? Maliza chupa ya maji huko juu, ifunge vizuri, uitazame mkishatua: imebonyea yenyewe.

4. Maji. Hewa ya mle ni kavu, unyevu chini ya asilimia 20, na sisi tumezoea joto la Dar la kutoka jasho. Pita ukaguzi na chupa tupu, ujaze ndani. Kunywa kidogo kidogo. Kahawa mimi naiacha mpaka asubuhi ya huko; saa naisogeza mbele saa tano nikishakaa tu kitini.

5. Miguu. Legeza kamba za viatu. Zungusha vifundo, kanyagia vidole kisha visigino, na kila baada ya saa mbili inuka utembee mpaka nyuma. Mjamzito, au aliyewahi kuganda damu mguuni, amuone daktari kabla ya safari kuhusu soksi za kubana.

6. Masikio. Hapa ndipo nilipokomeshwa. Nilipanda na mafua, nikalala fofofo ndege ikishuka, nikaamka sikio la kushoto limeziba. Siku mbili nasikia kama niko ndani ya pipa. Bahati yangu madukani kule bei huandikwa kwenye kikokotoo, tukapatana hivyo hivyo.

Ndege huanza kushuka kama nusu saa kabla ya kutua. Mwombe jirani akuamshe. Tafuna bigijii, meza mate, piga miayo. Likigoma, funga mdomo, bana pua, sukuma pumzi taratibu mpaka lilie "tak", urudie kila linapoziba. Usisukume kwa nguvu, unaweza kuliumiza. Kama una mafua, pitia duka la dawa kabla ya safari uulizie matone ya pua.

Mwenye mtoto mchanga asimnyonyeshe akashiba mapema. Amwekee ziwa au chupa ya wakati wa kushuka, kwa sababu kumeza ndiko kunakomfungua masikio, na yeye bigijii hawezi.