Umegongwa paking? Usimwache aondoke kabla hajaandika

Nilikuwa nimepaki IST yangu nje ya supamaketi moja Mikocheni, natoka na mifuko nakuta Noah imerudi nyuma imeingia kwenye kona ya bampa yangu, taa ya nyuma ya kulia imepasuka na vipande vyekundu vimetapakaa chini. Dereva kijana mpole kabisa, "dada samahani sana, nipe namba yako, kesho nakurushia hela ya fundi." Nikawa nishaanza kumtajia namba. Mlinzi wa pale, mzee mmoja, ndo akaniambia "binti, mwambie aandike kwanza." Ile karatasi ndo iliyonirudishia hela yangu, kwa hiyo nawaandikia nilivyofanya na niliyokuja kujifunza baadaye, hasa kwa sisi wa Tanzania.

Kabla magari hayajasogezwa piga picha. Usipige mchubuko tu, rudi nyuma upige magari yote mawili na mistari ya paking ionekane, tairi zake zimekata upande gani, plate namba zote mbili, leseni yake na hati yake ya bima. Namba ya gari lake ingiza palepale kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka inayosimamia bima nchini) wa kuhakiki bima mtandaoni, utaona kama bima iko hai na ni ya kampuni gani. Muulize pia gari ni la nani, maana wengi wanaendesha magari ya ofisini au ya bosi, na kama alikuwa kazini unaweza kumdai mwajiri wake pia, kwa hiyo chukua na namba ya mwenye gari.

Kamera nazo usiziache. Rekodi nyingi zinajifuta zenyewe baada ya muda, nenda siku hiyohiyo kwa meneja wa eneo, na akigoma kukupa muombe aitunze mpaka polisi waiombe. Aliyegongwa akakuta mtu kashakimbia, hii ndo tegemeo lake kubwa pamoja na mlinzi aliyeona. Na lile bango la "unapaki kwa hatari yako mwenyewe" limewekwa kumlinda mwenye eneo, aliyekugonga halimhusu kabisa, asikutishe nalo.

Sasa hapo mnatakiwa mchague njia: analipa mfukoni au bima yake inalipa. Chagueni kabla ya kuandika chochote, kwa sababu mikataba mingi ya bima inamkataza mteja kukubali kosa au kuahidi malipo bila kampuni yake kujua, sasa ukimwandikisha ahadi halafu kesho anasema twende bima unaweza kujikuta umejiharibia mwenyewe.

Akisema mfukoni, ndo karatasi. Mimi yangu ilikuwa ukurasa wa daftari tuliouandikia juu ya boneti. Iwe na majina yake kamili, namba ya leseni au ya NIDA, simu, namba za magari yote mawili, tarehe na mahali, halafu aandike kwa mkono wake kwamba "nikiwa narudi nyuma nimegonga gari namba fulani, nakubali kulipa gharama zote za kurekebisha bampa, taa na rangi, kabla ya tarehe fulani." Asaini, usaini, na shahidi asaini, yangu alisaini yule mzee. Uzito wake ni huu: ukiwa na makubaliano hayo lile linakuwa deni la mkataba, na deni la mkataba Mahakama ya Mwanzo inalisikiliza, ila ukiwa huna kitu, unadai tu kwamba mtu kakuharibia gari, unaangukia mahakama za juu yake ambako safari ni ndefu na gharama ni zaidi.

Kosa moja nililokaribia kufanya ni kuandika kiasi palepale. Fundi wa bodi wa kwanza aliangalia kwa nje akasema 180,000. Bampa ilipofunguliwa tukakuta vishikio vya ndani vimekatika na bati la nyuma limebonyea, ikafika 310,000. Kwa hiyo kiasi kiachwe mpaka bampa ifunguliwe, chukua profoma (makadirio ya bei kwa maandishi) za gereji mbili, mtumie zote mbili WhatsApp na picha za ndani, na ukienda kutengeneza dai risiti ya EFD. Ila tuwe waungwana jamani, gari la mtumba lenye taa ya mtumba linarudishiwa taa nzima ya aina ileile, kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar, zipo, usimdai taa mpya ya kwenye boksi. Ukimtendea haki na yeye analipa haraka. Nauli za siku gari lilizokaa gereji unaweza kuzidai, tunza skrinshoti.

Akisema bima, basi trafiki lazima, hata kama ni ndani ya uzio wa duka. Gari likaguliwe upate PF 90, yaani fomu ya polisi ya ukaguzi wa gari, na kampuni nyingi zitataka pia fomu za polisi za ajali, PF 93 na PF 115. Usitengeneze chochote kabla mkadiriaji wa bima hajaliona gari, maana wengi wanapoteza haki yao hapo. Bima ndogo yake ndo inayomlipa mtu wa tatu, yaani wewe, ila uliza ukomo wake upande wa mali ni kiasi gani. Kama wewe una bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe, unaweza kudai kwako na kampuni yako ikamfuata yeye, ila kuna kiasi utabeba mwenyewe na punguzo unalopewa kwa kukaa bila kudai linaweza kupotea, kwa taa na bampa piga hesabu kwanza. Wakikuzungusha peleka lalamiko TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Ahadi ikipita tarehe usigombane kwenye simu. Andika barua ya madai, mpe siku 14, ambatanisha nakala ya karatasi, profoma na risiti, ipeleke kwa mkono na asaini kupokea, au itume pia kwa meseji ili ibaki na tarehe. Wengi wakiona neno mahakama wanalipa. Akiomba kulipa kidogo kidogo mkubalie, ila kwa maandishi, na kila muamala uwe wa simu usiwe wa mkononi.

Kijana wangu alilipa mara 3. Ya mwisho iliingia saa 3 usiku, asubuhi nikamwandikia kwamba deni limeisha nikasaini nikampa, maana na yeye anahitaji karatasi yake.