Klachi Nzito kwenye Pikipiki ya Zamani: Anza na Waya

Hewa ya chumvi ya Tanga huula waya wa klachi kutoka ndani, hasa kwa pikipiki zinazolala nje upande wa Raskazone. Kwa hiyo kabla hujagusa injini, chomoa waya pande zote mbili na uvute ule wa ndani kwa mkono. Ukikwaruza, tatizo umelipata.

Uning'inize wima, funga kipande cha tyubu ya baiskeli juu yake kama faneli, utie oili nyepesi kwa bomba la sindano huku ukivuta juu chini mpaka oili itoke chini ikiwa safi. Uzi hata mmoja ukiwa umekatika, nunua waya mpya. Kuulainisha ni kupoteza muda. Kichwa cha waya kipake grisi kizunguke kwenye leva bila kubana, la sivyo utakatikia hapohapo. Usiupitishe kwenye kona kali chini ya tangi. Acha mchezo, yaani nafasi ya leva kusogea kabla waya haujakaza, wa milimita 10 hadi 15 kwenye ncha ya leva.

Bado nzito? Refusha mkono wa klachi ulio kwenye injini, ule unaovutwa na waya. Kutoka milimita 30 hadi 36, nguvu inapungua kwa takriban sehemu moja ya sita, lakini nafasi ya pleti za klachi kuachana inapungua vilevile. Gia ya kwanza ikigoma, au pikipiki ikisogea huku umebana klachi, umezidisha.

Kupunguza springi za klachi hatushauri: ukipanda milima ya Amani klachi itateleza na pleti zitaungua.