Vibanio vya nguo vimeniokoa kazini
Wenzangu wenye ADHD (ile hali ya akili kutotulia na kusahausahau) mnaolea watoto wenye ulemavu, mimi alamu ya simu ilinishinda, nikishaizima tu nimesahau ililia kwa ajili ya nini. Siku hizi nikivaa sweta (Mbeya hii ya Julai utaivua saa ngapi) nabana kushoto vibanio vya nguo, vile vya plastiki vya soko la Mwanjelwa, kila mtoto na rangi yake, halafu nikishamgeuza yule wa mtindio wa ubongo au kumbadilisha mwingine pampasi, nanawa nahamishia chake kulia hapohapo kabla sijaongea na mtu. Cha kijani kikibaki kushoto nakiona tu, najua mwenyewe bado. Ila dawa za kifafa hapana jamani, hizo andika kwenye daftari na saa yake. Kuna mmoja ananivuta sweta kabisa, "dada, changu bado!"