Kubuni kitongoji cha vijumba vinavyotazamana: tuanze na uga wa kati

Wabunifu wanaoanza kazi hii hunijia na ramani ya kijumba kizuri sana, kisha wananiuliza kiwanjani vitaingia vingapi. Nawaomba waiweke ramani hiyo kando kwanza. Kijumba kizuri kikirudiwa mara kumi bila kufikiria nafasi iliyo kati ya kimoja na kingine kinazaa kambi, watu wanafunga mapazia na kupita haraka. Uga ndio unaobuniwa kwanza. Nyumba huja baadaye, zikiuzunguka kama watu waliokaa kuota moto.

Wazo lenyewe ni la zamani. Huko Augsburg, Ujerumani, mtaa wa nyumba ndogo uitwao Fuggerei ulianzishwa mwaka 1516 kwa ajili ya watu wenye uhitaji na hadi leo una wakazi. Sura ya sasa ya wazo hili, ambayo wengi huiiga, ilikuja mwaka 1998 katika mji mdogo wa Langley, jimbo la Washington nchini Marekani, pale msanifu Ross Chapin na mjenzi Jim Soules walipojenga vijumba 8 vya Third Street Cottages kuzunguka bustani moja. Sheria ya mji ndiyo iliyowafungulia mlango: mwaka 1995 Langley iliruhusu nyumba nyingi zaidi kwenye kiwanja kimoja kwa sharti kwamba kila moja iwe ndogo, isiyozidi takribani mita za mraba 90 kwa jumla, na ziwe na uwanja wa pamoja. Kwa hiyo kabla ya kuchora mstari wa kwanza, soma kanuni za ujenzi za mahali ulipo. Ukubwa wa chini wa kiwanja na idadi ya nyumba zinazoruhusiwa ndivyo vinavyoua miradi hii kuliko kitu kingine chochote.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: vijumba 10 kwenye kiwanja cha mita 54 kwa 74, yaani karibu mita za mraba 4,000.

Hatua ya 1: Amua idadi ya kaya

Kati ya 4 na 12. Chini ya 4 hakuna jamii, kuna majirani tu. Ukipita 12, watu huacha kujua nani hajaonekana tangu juzi. Mteja akitaka nyumba 20, mpe uga mbili zilizounganishwa kwa njia ya miguu, kila moja na watu wake.

Hatua ya 2: Soma ardhi kabla ya kuigawa

Nenda asubuhi, rudi jioni, na kama unaweza nenda mvua ikinyesha. Weka alama kwenye kila mti mkubwa, jua linakopita, upepo unakotoka na maji yanakoelekea. Mti uliokomaa ukiwa mahali panapofaa, uache uwe kitovu cha uga, maana hakuna fedha itakayokununulia miaka 40 ya kivuli. Sehemu ya chini kabisa ya mteremko usiijenge. Iwe bustani ya kunyonya maji ya mvua.

Hatua ya 3: Chora uga

Mtu mzima husoma sura ya mwenzake, kama amefurahi au amechoka, akiwa umbali wa takribani mita 25. Zaidi ya hapo anaona umbo tu. Hicho ndicho kipimo changu kikuu: kutoka ukingo wa baraza moja hadi ukingo wa baraza inayoitazama, usipite mita 25.

Katika mfano wetu, uga una upana wa mita 16 na urefu wa mita 40. Kila upande mrefu una vijumba vinne, na mwisho wa uga viko viwili vinavyoufunga. Mbele ya kila kijumba kuna bustani ndogo yenye kina cha mita 4. Jumlisha: 4 na 16 na 4, mita 24 kati ya baraza na baraza. Salamu inafika.

Uga uwe na kitu cha kufanya ndani yake. Nyasi tupu za kutazama tu hazimtoi mtu nyumbani. Weka meza ndefu chini ya mti, vitalu vya mboga, mahali pa watoto kuchimba mchanga. Pia usiuache wazi kabisa kwa barabara. Mlango wake uwe mwembamba kiasi cha kumfanya mgeni ahisi kwamba sasa anaingia mahali pa watu.

Hatua ya 4: Panga tabaka za faragha

Hii ndiyo hatua ninayoipa muda mwingi kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Watu hudhani kwamba kuishi karibu karibu kunahitaji ujasiri wa kuvumiliana. Nionavyo mimi, kunahitaji ngazi. Mtu akitoka chumbani kwake hadi uga wa pamoja apite hatua kadhaa, na kila hatua awe na uhuru wa kusimama hapo na kurudi ndani. Akikosa hatua hizo, mlango wake unafunguka moja kwa moja kwenye macho ya watu, naye atajifunza kutoufungua.

Nazipanga hivi, tukitoka ugani. Kwanza njia ya miguu yenye upana wa mita 1.2 hadi 1.5, inayozunguka uga na ambayo kila mtu anapita. Kando yake ukanda wa maua au vichaka vifupi wenye upana wa nusu mita au zaidi kidogo. Kisha uzio mfupi wa sentimita 75 hadi 90, wenye lango dogo. Kimo hicho ni muhimu: mtu anaweza kuuegemea akizungumza na mwenye nyumba, lakini hauvuki bila kualikwa. Nyuma ya uzio ni ile bustani ndogo, ambayo ni ya mwenye kijumba peke yake. Halafu ngazi mbili au tatu, baraza, mlango, sebule, na ndani kabisa vyumba vya kulala.

Hesabu tabaka hizo kwenye ramani yako. Zikiwa pungufu ya tano kati ya njia na sebule, rudi ukachore upya. Katika mradi wangu mmoja wa mwanzo niliondoa uzio na ukanda wa maua kwa kuamini kwamba uwazi ungewaleta watu pamoja. Ndani ya mwaka mmoja wakazi walikuwa wameotesha michongoma inayofika kichwani. Nilipowanyima mpaka mfupi, walijitengenezea mrefu, na haki ilikuwa yao.

Hatua ya 5: Baraza iwe chumba

Kina cha mita 2.4 ndicho cha chini ninachokubali. Kwenye mita 1.5 kiti kinaingia lakini mtu mwingine hawezi kupita mbele ya magoti yako, kwa hiyo baraza inageuka stoo ya viatu na baiskeli. Kwenye mita 2.4 meza ndogo na viti vitatu vinakaa vizuri, na mvua ya upepo haikufikii.

Inua sakafu ya baraza sentimita 40 hadi 45 juu ya njia. Jicho la mtu aliyeketi liko kama mita 1.2 juu ya sakafu, na la mtu anayetembea ni karibu mita 1.6 juu ya ardhi. Kwa kuinua sakafu hivyo, macho yao yanakutana usawa mmoja. Aliyeketi hatazamwi kutoka juu, na hilo peke yake huwafanya watu wakae nje muda mrefu zaidi. Kuna faida nyingine: kanuni za Uingereza hudai kizuizi kirefu pale sakafu inapopanda zaidi ya sentimita 60, na za Marekani zaidi ya 76. Ukibaki chini ya hapo unaweza kuweka ukingo mpana wa kimo cha sentimita 45, ambao jirani anaukalia akija kupiga soga.

Anayetumia kiti cha magurudumu anahitaji njia ya mteremko wa 1 kwa 12, yaani karibu mita 5 kwa kimo hicho. Ipitishe ubavuni mwa nyumba, au inua ardhi ya njia taratibu hadi ifike usawa wa baraza. Fanya hivyo kwa vijumba vyote. Wote wanaokaa hapo watazeeka.

Hatua ya 6: Kijumba chenyewe, upande wazi na upande uliofumba

Vijumba vyetu vina upana wa mita 7 na kina cha mita 11 pamoja na baraza. Ndani panabaki takribani mita za mraba 60, na ghorofa nusu chini ya paa inaongeza kama 20.

Kati ya kijumba na kijumba kuna mita 3 tu. Watu wengi wakiona nafasi hiyo huweka madirisha pande zote mbili, na matokeo yake ni dirisha la bafu kutazamana na dirisha la jikoni kwa jirani. Dawa yake ni kila kijumba kuwa na upande mmoja wazi na mmoja uliofumba. Katika safu moja, vyote vifumbe upande uleule. Upande wazi una madirisha makubwa na mlango wa kutokea ubavuni. Upande uliofumba unabeba makabati, ngazi, bafu, na madirisha yake yanaanzia mita 1.7 juu ya sakafu au yako paani, hivyo mwanga unaingia bila jicho la mtu. Ile nafasi ya mita 3 yote anaitumia mwenye upande wazi, hata kama mpaka wa kisheria unapita katikati. Badala ya vichochoro viwili visivyofaa kitu, kila kaya inapata bustani ya pembeni iliyotulia. Liandike hilo kwenye hati kama haki ya matumizi, pamoja na ruhusa ya jirani kuingia kupaka rangi ukuta wake na kusafisha gata zake.

Jiko na sebule vitazame uga, vyumba vya kulala viende nyuma. Mama au baba anayeosha vyombo awe anaona watoto wanakocheza. Dari ya sebule iwe mita 2.7 au ifuate mteremko wa paa, maana chumba kidogo chenye dari ya chini huchosha. Kila chumba cha kukaa kipate mwanga kutoka pande mbili. Stoo uzitenge mapema, walau sehemu moja ya kumi ya eneo la sakafu. Unene wa kuta za ndani, chini ya ngazi na pembe za paa ni mahali pazuri pa kuzificha.

Hatua ya 7: Magari yabaki ukingoni

Ukanda wa mita 15 upande wa barabara, nje ya uga, unatosha maegesho ya pamoja. Mtu akishuka garini apite ugani kwa miguu mpaka kwake. Katika mwendo huo mfupi ndipo majirani wanakutana, kwa hiyo usikubali mteja akuombe gari lifike mlangoni. Mikokoteni miwili ya pamoja kwa mizigo inamaliza ubishi.

Gari la zimamoto ni suala jingine, na hapa mfano wetu una tatizo. Kanuni za Marekani na za Uingereza hutumia takribani mita 45 kama umbali ambao mpira wa maji unaweza kufika. Kutoka maegesho hadi ukuta wa nyuma wa vijumba vya mwisho ni mita 55. Suluhisho ninalolipenda ni kuimarisha sehemu ya uga kwa matofali yenye matundu yanayootesha nyasi, upana usiopungua mita 3.7 kwa kanuni za Uingereza, yanayobeba uzito wa gari hilo. Siku za kawaida ni nyasi za watoto. Zungumza na zimamoto mapema, ukiwa bado na mchoro wa penseli.

Hatua ya 8: Jengo la pamoja na hati

Jengo la mita za mraba 45 linatosha: meza ya watu 20, jiko, choo, na chumba kimoja cha wageni. Chumba hicho kimoja kinaokoa vyumba kumi vya wageni ambavyo kila kijumba kingedai. Liweke kati ya maegesho na uga ili kila anayerudi nyumbani apite mlangoni pake. Karibu nalo, banda la vifaa: ngazi moja ndefu inatosha nyumba kumi.

Hati ieleze nani anamiliki nini, mchango wa matengenezo, na jinsi uamuzi unavyofikiwa. Mtafute mwanasheria wa ardhi tangu mwanzo.

Hatua ya 9: Jenga kwa kamba kwanza

Kabla ya kupeleka michoro kuombewa kibali, piga vigingi na ufunge kamba kiwanjani kwa vipimo kamili: uga, uzio, baraza, kuta. Waalike watakaokaa hapo, kila mmoja aje na kiti. Wakae kwenye baraza zao za kamba, wazungumze wakivuka uga, watembee kutoka maegesho wakiwa wamebeba mizigo. Waulize wanajisikiaje, kisha sogeza vigingi. Mara nyingi mimi husogeza uzio kuliko nyumba, na mara mbili nimepunguza upana wa uga kwa mita 3 kwa sababu walikuwa wanalazimika kupaza sauti. Vigingi vikitulia, vipime upya, na hivyo ndivyo vipimo vya kuchora.