Kuuza pikapu ya Land Cruiser iliyotumika: somo la hatua kwa hatua, na maswali ya wanachama

Somo hili ni la mwenye Land Cruiser mkonga ya mizigo, ile ya mfululizo wa 79 yenye injini ya 1HZ, anayetaka kuliuza gari lake hapa Tanzania kwa bei ya haki na bila kufuatwa na kesi miezi sita baadaye. Mwenye Hilux ya dizeli pia atapata chake humu. Jambo kubwa ni hili: anayetafuta mkonga hanunui urembo. Ananunua injini na fremu, na akija anakuja na fundi. Kwa hiyo andaa vile atakavyovikagua, rangi iache.

Hatua ya 1: Makaratasi kwanza

Toa kadi ya gari uisome kama unaiona leo. Jina ni lako? Namba ya chesisi inafanana na ile iliyogongwa kwenye fremu? Na namba ya injini je? Hapo kwenye injini ndipo wengi wanakwama, maana 1HZ nyingi mtaani ni za mtumba zilizofungwa baada ya ile ya mwanzo kufa, na kadi haikurekebishwa. Mnunuzi akiona namba mbili tofauti anawaza wizi, hawazi gereji. Rekebisha TRA, yaani mamlaka ya mapato, kabla hujatangaza.

Kisha angalia madeni: faini za trafiki kwenye mfumo wa polisi, na ushuru wa maegesho kwa TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini. Yote yanaonekana kwa namba ya gari, na mnunuzi mjanja atayaangalia kwenye simu yake huku mnaongea. Gari likiwa dhamana ya mkopo, nenda benki kwanza.

Halafu kuna magari yaliyotoka kwenye miradi ya wafadhili, yale ya namba za DFP. Yaliingia nchini kwa msamaha wa kodi, na msamaha haumfuati mnunuzi wa kawaida. Kodi ilipwe kabla ya kuuza. Anayekwambia "tutamalizana baadaye" anakutwisha mzigo wake.

Hatua ya 2: Injini iwashwe ikiwa baridi

Mnunuzi mzoefu akifika ataweka kiganja juu ya boneti. Akikuta joto, anajua umeliwasha kabla hajaja, na bei imeshaanza kushuka kichwani mwake. Mwache aliwashe mwenyewe, asubuhi, likiwa limelala.

1HZ ni dizeli ya lita 4.2, silinda sita kwa mstari, haina tabo (ile ya kuisukumia injini hewa), na pampu yake ni ya kimakanika. Mafuta huanza kuwaka kwenye chumba kidogo ndani ya hedi, ndiyo maana inategemea sana hita plagi kukiwa na baridi. Fungua swichi, subiri taa ya hita izime, piga stata. Injini nzima inashika papo hapo. Kuanzia hapo nyote mtatazama bomba la moshi, na ni vizuri ujue yeye anasoma nini.

Moshi mweupe kidogo si tatizo, hasa kama uko Njombe mwezi wa saba. Unatakiwa uishe injini ikipata joto. Usipoisha na unanuka dizeli mbichi, shida iko kwenye nozo, hita plagi au kompresheni. Ukiendelea huku maji ya rejeta yanapungua, hedi gasketi imekwenda, au hedi yenyewe ina ufa. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Mweusi unapopanda mlima na mzigo maana yake chujio la hewa limeziba, au kuna fundi aliyefungulia pampu ili gari "lipate nguvu". Hili la mwisho ni rahisi kulirekebisha. Lirekebishe kabla ya siku ya mnunuzi.

Atafungua pia mfuniko wa kujazia oili injini ikiunguruma. Mvuke mwepesi haumtishi mtu. Moshi ukitoka kwa mapigo kama garimoshi, ringi zimechoka, na hakuna maneno yatakayoficha hilo.

Ukiwa na risiti ya mkanda wa taimingi, iweke juu ya makaratasi yote. Mkanda wa 1HZ hubadilishwa kwa kilomita, kwa kawaida 100,000 au 150,000 kulingana na soko gari lilikotengenezewa, na taa ya T-BELT kwenye dashibodi ipo kwa kazi hiyo. Ukikatika barabarani, valvu hugongana na pistoni. Mnunuzi asiyeona risiti atakata gharama ya mkanda mpya kwenye bei, na yuko sahihi. Vilevile, kama gari liliwahi kufungwa tabo ya nje, sema. Hedi za 1HZ hazikuundwa kubeba joto hilo.

Na tafadhali usioshe injini kwa mashine ikang'aa. Injini kavu yenye vumbi lake inasomeka: panapovuja panaonekana, pasipovuja panaonekana pia. Iliyooshwa jana inazua maswali.

Hatua ya 3: Fremu, na nini utengeneze

Fundi wake atalala chini. Anatafuta nyufa na sehemu zilizochomelewa, hasa nyuma panaposhikilia springi, kwa kuwa mizigo ya huku inajulikana: mbao, mahindi, na watu juu ya mahindi. Kama fremu iliwahi kuchomelewa, mwonyeshe mwenyewe. Kupaka rangi nyeusi chini ya gari wiki ya kuuza ni kujitangaza kwamba kuna kitu.

Tengeneza vitu vidogo vinavyopiga kelele: bushi, taa, kioo kisichopanda, breki ya mkono. Hakikisha hab za mbele, zile za kuunganisha magurudumu ya mbele, zinafunga na 4L (gia nzito ya magurudumu manne) inaingia. Bodi usiinyooshe yote wala usipige rangi mpya. Hela hiyo hairudi.

Hatua ya 4: Bei na tangazo

Angalia matangazo ya magari ya mwaka ule ule, injini ile ile, namba inayokaribiana. Swali la "namba gani?" utaulizwa kabla ya salamu kuisha: namba A (usajili wa zamani, herufi zinaanza na A) na namba D (wa baadaye) si bei moja, hata kama chuma ni kile kile. Kumbuka bei za kwenye matangazo ni za kuombea; za kuuzia ziko chini yake.

Andika bei. "Bei njoo inbox" inafukuza wenye hela na kuvuta wenye muda. Picha zipigwe mchana: pande nne, ndani, dashibodi ikiwa imewashwa, injini, bodi ya nyuma ikiwa tupu, chini ya gari. Funika namba za gari kwenye picha.

Hatua ya 5: Majaribio, pesa na makabidhiano

Kwenye majaribio kaa naye ndani, na baki na kitambulisho chake. Anayetaka kwenda peke yake "mara moja tu" mwambie gari halina mafuta.

Pesa kubwa ziishie benki. Nendeni pamoja kwenye tawi lako, ahamishe, usubiri mpaka salio lako lisome. Ujumbe wa simu kwamba pesa imeingia si pesa. Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, wenye namba ya chesisi, namba ya injini, nakala za vitambulisho, na saa ya makabidhiano. Saa ni muhimu: akigonga mtu jioni ile ile, mstari huo ndio utakaokutetea.

Kuna mchezo wa kuandika bei ndogo ili ushuru wa stempu upungue. Mgogoro ukitokea, bei inayotambulika ni ile ya kwenye karatasi. Kubadilisha jina kunafanywa TRA, wote wawili mkiwa na TIN, namba ya mlipakodi. Mila ni mnunuzi kulipia, ila liandikeni.

Maswali

*Mwanachama, Dodoma: Mkuu, gari nililinunua kwa mzee aliyefariki kabla hatujabadilisha jina. Kadi ninayo, mkataba ninao. Naweza kuuza?*

Pole mkuu. Bado huwezi kuuza kwa usalama. Kwa serikali gari ni la marehemu, na anayeweza kusaini kwa niaba yake ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Nenda kwa familia na mkataba wako na ushahidi wa malipo, uwaombe msimamizi akuhamishie. Kama hajateuliwa, wafungue mirathi. Kusaidia gharama ni busara kuliko kugombana. Mkataba wako ukae mahali salama, maana warithi wasiokufahamu watalihesabu gari kama mali yao.

*Mwanachama, Mbeya: Nimepata mteja kutoka Zambia, anataka kulipa dola na kuondoka na gari siku hiyo hiyo.*

Tangu 2025 kanuni zinakataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, hivyo akabadilishe benki. Gari lisivuke mpaka wa Tunduma likiwa bado kwa jina lako. Tafuteni wakala wa forodha ashughulikie usafirishaji na kufuta usajili, na pesa iwe imetulia kabla ya safari.

*Mwanachama, Mombasa: Na huku Kenya, ndugu?*

Huko ni NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Muuzaji ndiye anayeanzisha uhamisho kwenye akaunti yake ya eCitizen, mnunuzi anaukubali kwa akaunti yake. Usimpe broka nywila yako, hata akisema anakurahisishia.

*Mwanachama, Arusha: Dalali anasema nimpe bei yangu, yeye aweke cha juu. Au nimlipe asilimia?*

Asilimia, na iandikwe. Akiweka cha juu, hujui mteja ametajiwa ngapi, na wateja wazuri watakimbia bila wewe kusikia. Wewe na mnunuzi lazima muonane uso kwa uso. Dalali asiyetaka hilo litokee muache.

*Mwanachama, Morogoro: Fundi ananishauri turudishe kilomita.*

Hapana. Pedali, usukani na siti vinasema ukweli, na hata hivyo hakuna anayeziamini kilomita za mkonga. Ni udanganyifu, na unaweza kukufikisha mahakamani.

*Mwanachama, Iringa: Naweza kuvua winchi na keria nizibakize?*

Unaweza, ila vua kabla ya kupiga picha. Kilichoonekana kwenye picha kimeuzwa. Na jeki mwachie.