Bajaji mpya kwa mkataba: piga hesabu kabla ya kupeleka hesabu

Wiki iliyopita kijana mmoja alinifuata kijiweni, karibu na stesheni ya Tabora, ana karatasi moja imekunjwa mara nne. "Kaka, nimepata tajiri. Bajaji mpya, bado ina nailoni kwenye siti. Elfu ishirini tu kwa siku, miaka miwili inakuwa yangu." Nikamuuliza, hiyo miaka miwili ikiisha utakuwa umetoa shilingi ngapi? Akacheka. "Si ndiyo hiyo elfu ishirini, kaka."

Nimeingia mikataba mitatu. Wa kwanza nilinyang'anywa chombo. Wa pili nilimaliza, kadi ya umiliki ikaja kwa jina langu. Wa tatu niko upande wa pili wa meza: nina bajaji mbili, na mimi ndiye ninayeitwa tajiri, yaani mwenye chombo, japo viatu vyangu havisemi hivyo. Hatua hizi ndizo ninazompitisha kila anayekuja na karatasi. Ukichukua gari kama Probox au IST utafuata njia hiyo hiyo, ila namba zitanenepa.

Hatua ya 1: Jua unasaini nini

Kuna vitu vitatu ambavyo watu wanavichanganya. Cha kwanza ni dereva wa hesabu: unaendesha, unapeleka pesa ya kila siku (ndiyo hesabu yenyewe), chombo si chako na hakitakuwa chako. Cha pili ni mkataba, yaani unalipa kidogo kidogo mpaka mwisho, kisha chombo kinahamia kwako. Cha tatu ni karadha, ambayo ina sheria yake ya mwaka 2008: taasisi inanunua chombo ulichokichagua, inabaki mwenye mali, wewe unalipia matumizi kwa muda mliokubaliana, na mwishoni mara nyingi unapewa nafasi ya kukinunua.

Nimeona karatasi kichwani imeandikwa "MKATABA WA BAJAJI" kwa herufi kubwa, lakini ndani hakuna sentensi hata moja inayosema umiliki utahama. Huyo ni dereva wa hesabu aliyevalishwa koti. Tafuta hiyo sentensi kwanza. Kama haipo, usihangaike na hatua zinazofuata.

Hatua ya 2: Nenda dukani mwenyewe

Kabla hujakutana na tajiri, pita duka linalouza aina ile ile ya bajaji na uulize bei ya taslimu, pamoja na usajili na bima ya kuanzia. Andika. Bila namba hiyo utakuwa unajadili kwa kubahatisha, na mwenzako anayo risiti mfukoni.

Hatua ya 3: Zidisha mpaka siku ya mwisho

Hapa usiwe na haraka. Chukua kalamu, au fungua kikokotoo cha simu.

Tuseme taslimu ni shilingi 9,000,000. Tajiri anataka kianzio 1,000,000, halafu 20,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, Jumapili ni ya dereva. Miaka miwili ni wiki 104.

20,000 mara 6 ni 120,000 kwa wiki. Mara 104 ni 12,480,000. Ongeza kianzio: 13,480,000. Toa bei ya dukani: umelipa 4,480,000 zaidi.

Tajiri atakwambia hiyo ni asilimia 28 kwa mwaka, kwa sababu deni lilikuwa milioni 8 na nyongeza ni asilimia 56 kwa miaka miwili. Ni kweli kwa namna anavyohesabu yeye. Lakini wewe hukai na milioni 8 yake miaka miwili. Kila wiki unamrudishia, deni linapungua, na ile faida imepigwa kana kwamba halijapungua hata senti. Ukiipiga juu ya deni linalobaki kila wiki, inakaribia asilimia 48 kwa mwaka. Sisemi ni dhambi. Tajiri naye anabeba hatari, na benki nyingi hazitakufungulia mlango ukiwa na kijiwe tu. Nasema ujue unanunua nini na kwa bei gani.

Sasa geuza namba hizo hizo ziwe silaha zako. Siku za kulipa ni 624. Ukishusha hesabu kutoka 20,000 hadi 18,000 umeokoa 1,248,000. Ukikata wiki 10 mwishoni umeokoa 1,200,000. Karibu sawasawa! Lakini madereva wengi wanapigania ile elfu mbili mpaka sauti zinapanda, wakati tajiri huwa mwepesi zaidi kuachia wiki za mwisho, kwa kuwa ziko mbali na hazimuumi leo. Mimi ningechukua wiki. Mwaka wa pili bajaji ya mchanga wa Tabora inaanza kudai klachi, tairi na bushi, na ni afadhali udaiwe na fundi peke yake kuliko fundi na tajiri kwa pamoja. Mwenye watoto wanaosubiri unga kila jioni anaweza kuamua tofauti, nami sitamlaumu.

Kianzio nacho kina mtego. Ukiongeza kiwe milioni 2, deni linabaki milioni 7, basi kwa uwiano ule ule hesabu iteremke hadi 17,500 kwa siku. Tajiri akipokea milioni 2 na hesabu ikabaki 20,000, umempa zawadi.

Hatua ya 4: Gharama zisizoandikwa

Muulize nani analipa kila kimoja, na jibu liingie kwenye karatasi: bima ya kila mwaka, leseni ya usafirishaji ya LATRA, kodi ya TRA, sevisi, tairi, GPS kama ameifunga, na gharama ya kuhamisha umiliki mwishoni. Hiyo ya mwisho husahaulika karibu kila mara. Unamaliza deni, unashangilia, halafu unaambiwa "kalipe uhamisho mwenyewe."

Faini za barabarani zinafuata namba ya chombo. Bajeti ya 2021/22 ilishusha faini ya bajaji na bodaboda kutoka 30,000 hadi 10,000 kwa kosa, ila kumi kumi zikijaa ni mzigo. Ukichukua bajaji iliyowahi kuwa na dereva mwingine, kagua madeni ya namba hiyo kabla ya kukabidhiwa.

Kuhusu bima, watu wengi hawajui tofauti mpaka siku ya msiba. Bima ndogo, ile ambayo sheria inalazimisha, inamlinda mtu wa tatu uliyemgonga. Bajaji yenyewe ikiungua au kuibwa, hailipi chochote, na mkataba wako unaweza kusema bado unadaiwa. Bima kubwa inalipia chombo, lakini ni ghali, na malipo huenda kwa mwenye mali. Kwa hiyo andikeni: bima ikilipa, deni linakatwa kwanza, kinachozidi kinagawanywaje? Na usiamini karatasi ya bima kwa macho tu. Hakiki kwa namba ya chombo kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, ni suala la dakika moja kwenye simu.

Hatua ya 5: Keti na tajiri

Usiende jioni amechoka, wala usijadili mbele ya madereva wake wengine. Hatakubali kulegeza mbele yao. Anza na heshima, kisha weka namba mezani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kusaini?"

"Nimekuja tuzungumze kwanza, mzee wangu. Dukani taslimu wanasema milioni tisa. Kwa hesabu yako nitamaliza na milioni kumi na tatu na nusu. Faida yako siikatai, pesa yako itakaa nje miaka miwili. Naomba tukate wiki kumi za mwisho."

"Wiki kumi nyingi, kijana."

"Basi nane, na bima ya mwaka wa pili iwe juu yako."

Halafu nyamaza. Mimi ninayekaa upande ule nakwambia, kimya cha dereva kinanifanya nihesabu upya kuliko maneno yake yote.

Tajiri naye ana hofu zake: utakimbia na chombo, hutafanya sevisi, utaipeleka Sikonge au Urambo na mizigo ya kuivunja mgongo. Kila hofu unayomwondolea ni punguzo. Mpelekee mdhamini anayefahamika mtaani kwenu. Mwambie utakuwa na daftari la sevisi na utamwonyesha kila mwezi. Dereva wangu mmoja alikuja na daftari tayari limechorwa mistari, nikampunguzia wiki sita kabla hajaomba.

Jambo moja la kwetu hapa: pesa ya Tabora inafuata tumbaku. Wakulima wakishalipwa, katikati ya mwaka, abiria na mizigo havikosekani. Masika, Januari na Februari, mtu anatembea kwa miguu kutoka Ipuli hadi sokoni. Omba hesabu ya misimu miwili: 15,000 miezi ya njaa, 25,000 miezi ya mauzo. Miezi hiyo ikilingana kwa idadi, jumla haibadiliki, lakini hutapitisha Februari ukikopa kijiweni ili kupeleka hesabu.

Hatua ya 6: Vifungu vya siku mbaya

Mkataba wangu wa kwanza ulikuwa na sentensi hii: "Dereva akishindwa kupeleka hesabu siku tatu mfululizo, chombo kitarudi kwa mmiliki." Nilikuwa nimelipa miezi 14. Malaria ikanilaza hospitali ya Kitete, siku tisa. Nilipotoka bajaji ilikuwa kwa dereva mwingine, na karatasi ilikuwa na sahihi yangu mwenyewe. Sikuwa na pa kushika.

Kwa hiyo andika ugonjwa: siku saba kwa mwaka ukiwa na cheti cha hospitali, hazihesabiwi kuwa deni la kunyang'anywa, zinasogezwa mbele. Andika haki ya kuweka deiwaka, dereva wa kukushikia, kwa siku zile. Andika itakuwaje chombo kikikamatwa au kikiwa gereji kwa kosa lisilo lako. Andika ukifariki, familia inaweza kuendelea kulipa au inarudishiwa sehemu gani. Watu wanaogopa kutaja hilo eti ni kujitabiria. Mimi nimeona mjane akirudi nyumbani mikono mitupu.

La kupigania kuliko yote: chombo kikirudishwa kabla ya muda, pesa uliyokwisha lipa inakwenda wapi? Mikataba mingi inakaa kimya hapo, na kimya hicho kinamfaa mmoja tu. Omba angalau hivi: ukiwa umelipa zaidi ya nusu, upewe siku 30 za kufidia kabla ya kunyang'anywa. Na ukipata pesa ukataka kumaliza mapema, wiki zilizobaki zipunguzwe kwa kiasi mtakachokitaja sasa, siyo siku hiyo.

Hatua ya 7: Kusaini

Wakili, mashahidi wawili, nakala mbili zenye mhuri, moja yako. Soma kadi ya chombo, linganisha namba ya injini na ya chesisi na zilizo kwenye bajaji. Lipa hesabu kwa simu, usipeleke mkononi, maana ujumbe wa muamala haubishani na mtu. Kifungu cha kadi kiseme siku: umiliki uanze kuhamishwa TRA ndani ya siku 14 baada ya malipo ya mwisho. "Baada ya kumaliza" peke yake inaweza kuwa mwaka mzima.

Yule kijana alirudi Alhamisi. Amepata wiki 96 badala ya 104, siku saba za ugonjwa, na siku 14 za kadi. Bima ya mwaka wa pili mzee amekataa katakata, na hesabu ya misimu aliicheka. Bajaji anaichukua Jumatatu. Nimemwambia kabla hajaiwasha apige picha ya kilomita na ya kila upande, hata ile nailoni ya kwenye siti.