Akaunti ya SFTP Isiyotoka Nje ya Folda Yake

Mteja anayeleta faili za hesabu kila jioni hana haja ya kuona yaliyomo kwenye seva nzima. Tangu toleo la 4.9 la mwaka 2008, OpenSSH, programu ya seva inayopokea miunganisho ya SSH na ya SFTP (njia salama ya kuhamisha faili), yenyewe inaweza kumfungia mtumiaji wa namna hiyo ndani ya folda moja. Hatua hizi ni za Ubuntu na Debian, na zinatekelezwa kwa mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo.

Anza kwa kuunda kikundi, kisha mtumiaji asiye na sheli, yaani asiyeweza kuandika amri kwenye seva:

groupadd wapakiaji
useradd -g wapakiaji -d /srv/sftp/mteja1 -s /usr/sbin/nologin mteja1
passwd mteja1

Zifuate folda zake:

mkdir -p /srv/sftp/mteja1/pakia
chown root:root /srv/sftp/mteja1
chmod 755 /srv/sftp/mteja1
chown mteja1:wapakiaji /srv/sftp/mteja1/pakia

Hapa ndipo wengi wanapokwama. OpenSSH hudai kwamba folda ya kifungo (chroot, folda ambayo mtumiaji huiona kama mzizi wa mfumo mzima), pamoja na kila folda iliyo juu yake hadi kwenye /, imilikiwe na root na isiandikwe na mwingine yeyote, kwa kuwa mfungwa anayeweza kubadilisha mzizi wake anaweza kupachika humo faili bandia za mfumo. Ukimmilikisha mteja folda yote, nenosiri lake litakubaliwa, kisha muunganisho utakatika papo hapo, na journalctl -u ssh itakuonyesha maneno "bad ownership or modes for chroot directory". Usikimbilie chmod 777, maana ndiyo itakayozidisha tatizo; mteja ataandika ndani ya pakia tu.

Sasa ongeza mistari hii mwishoni kabisa mwa /etc/ssh/sshd_config:

Match Group wapakiaji
    ChrootDirectory /srv/sftp/%u
    ForceCommand internal-sftp
    AllowTcpForwarding no
    X11Forwarding no

Alama %u husimama badala ya jina la mtumiaji. Mstari wa AllowTcpForwarding hurukwa mara nyingi, ilhali bila huo mtu asiye na sheli bado anaweza kupitia seva yako na kuifikia hifadhidata inayosikiliza ndani ya mashine hiyo hiyo.

Kagua maandishi kwa sshd -t. Isipolalamika, tekeleza systemctl restart ssh, huku dirisha lako la sasa likibaki wazi hadi uhakikishe kwamba unaweza kuingia upya.

Mwisho, ingia kwa sftp kama mteja1. Amri ya pwd inapaswa kujibu /, na put, amri ya kupakia faili, ikataliwe hapo na ikubaliwe baada ya cd pakia. Ukijaribu ssh ya kawaida, utajibiwa "This service allows sftp connections only."